Pauni 20,000 kwenye mkopo wa nyumba wenye sehemu mbili: ziende wapi, na faini ya pauni 40 ilitoka wapi

Kisa chenyewe

Mke na mume wana nyumba Leicester, Uingereza, yenye thamani ya pauni 215,000, na bado wanadaiwa na benki pauni 180,000. Deni hilo limegawanywa sehemu mbili tangu Januari 2024. Sehemu A ina riba iliyofungwa: asilimia 4.60 kwa miaka mitano, hadi 31 Desemba 2028, dunia ipinduke isipinduke. Sehemu B ina riba inayopanda na kushuka. Inafuata riba ya msingi ya Benki Kuu ya Uingereza, kisha juu yake inaongezwa asilimia 0.60. Mkopo wa namna hii ndio unaoitwa trakeri.

Tarehe 1 Januari 2026 hali ilikuwa hivi (namba zimezungushwa ili hesabu ifuatike hata kwa kalamu na karatasi):

| Sehemu | Salio | Riba | Muda uliobaki | Malipo ya mwezi |
|---|---|---|---|---|
| A, iliyofungwa | £120,000 | 4.60% | miezi 240 | £765.67 |
| B, trakeri | £60,000 | 4.35% | miezi 240 | £374.75 |
| Jumla | £180,000 | | | £1,140.42 |

Wamejikusanyia pauni 20,000, na kila mwezi zinabaki pauni 250 baada ya matumizi yote. Wanataka kuzielekeza kwenye deni.

Mkataba unasema mambo mawili yanayohusika hapa. Kwenye sehemu A wanaweza kulipa ziada hadi asilimia 10 ya salio la tarehe 1 Januari kila mwaka bila faini. Kinachozidi hapo hutozwa asilimia 5 mwaka wa kwanza wa mkataba, 4 mwaka wa pili, kisha 3, 2 na 1. Mwaka 2026 ni wa tatu, kwa hiyo faini ni asilimia 3. Kwenye sehemu B hakuna faini wala kikomo.

Walipiga hesabu yao hivi: asilimia 10 ya 180,000 ni 18,000. Zinazozidi ni 2,000 tu, na hizo zitaangukia kwenye trakeri ambako hakuna faini. Tarehe 2 Januari wakatuma pauni 20,000 kwa mkupuo mmoja, wakaandika namba ya mkopo, basi. Wakaweka na agizo la kudumu la pauni 250 kila mwezi kuanzia Februari, kwa namba hiyohiyo. Taarifa ya mwisho wa Februari ikaja na faini mbili: pauni 40.00 na pauni 5.00.

Faini zilitoka wapi

Kosa la kwanza ni kuchukua asilimia 10 ya deni zima. Trakeri haina kikomo, kwa hiyo haina asilimia 10 ya kuchangia. Kikomo ni cha sehemu A peke yake: asilimia 10 ya 120,000, yaani pauni 12,000.

Kosa la pili ni kudhani pesa zitajipanga zenyewe. Benki ikipokea malipo ya ziada yasiyo na maelekezo, mfumo wake unafuata kanuni uliyowekewa. Ziko benki zinazoanza na sehemu yenye riba kubwa, ziko zinazoanza na isiyo na faini, na ziko zinazogawa kwa uwiano wa salio. Hii iligawa kwa uwiano. Sehemu A ni theluthi mbili ya deni, ikapewa theluthi mbili ya pesa: pauni 13,333.33. Sehemu B ikapata 6,666.67. Ukitoa 12,000 kwenye zile za A, ziada iliyovuka kikomo ni 1,333.33, na asilimia 3 yake ni pauni 40.00 kamili.

(Benki nyingine huichota faini ndani ya pesa ulizotuma. Hapo 1,333.33 hugawanywa kwa 1.03: deni hupungua kwa 1,294.50 na faini huwa 38.83. Taarifa ya mkopo itaonyesha ni njia ipi iliyotumika. Usishangae hesabu yako ikipishana na ya benki kwa pauni moja na ushee.)

Ile ya pauni 5.00 ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inarudi. Kati ya pauni 250 za Februari, theluthi mbili, yaani 166.67, zilikwenda sehemu A. Kikomo cha mwaka kilikuwa kimeshajaa tangu tarehe 2 Januari, kwa hiyo senti yote ya 166.67 ikatozwa asilimia 3. Agizo hilo likiachwa liende hadi Desemba, ni miezi 11, pauni 55. Jumlisha na zile 40 unapata pauni 95 kwa mwaka, zimetoka kwa watu wasio na kosa lingine ila bidii ya kulipa deni.

Kikomo hakitofautishi malipo ya mkupuo na ya kidogokidogo. Vyote vinahesabiwa kwenye kapu moja la mwaka. Na nafasi usiyoitumia haihamii mwaka unaofuata. Ikifika 31 Desemba imekwenda. Pesa zinatakiwa ziwe zimeshaingia kwenye akaunti ya mkopo kabla ya siku hiyo, si zimetumwa tu. Tena soma mkataba wako uone asilimia 10 ni ya nini hasa. Hapa ni salio la 1 Januari. Kwingine ni salio la siku ya kumbukumbu ya mkataba, na kwingine ni kiasi cha awali cha mkopo, ambacho hakipungui.

Sehemu ipi ni ghali kwa sasa

Watu wengi wenye mkopo wa sehemu mbili wana mazoea ya kumwaga kila ziada kwenye trakeri kwa sababu haina faini. Mazoea hayo yalikuwa na akili wakati riba ilipokuwa juu. Tazama riba ya msingi ilivyoteremka na trakeri hii ilivyoifuata, huku A ikibaki 4.60:

| Tarehe ya uamuzi | Riba ya msingi | Trakeri (B) |
|---|---|---|
| Januari 2024 | 5.25% | 5.85% |
| 1 Agosti 2024 | 5.00% | 5.60% |
| 7 Novemba 2024 | 4.75% | 5.35% |
| 6 Februari 2025 | 4.50% | 5.10% |
| 8 Mei 2025 | 4.25% | 4.85% |
| 7 Agosti 2025 | 4.00% | 4.60% |
| 18 Desemba 2025 | 3.75% | 4.35% |

Hadi Agosti 2025 kila pauni iliyolipwa kwenye B iliokoa riba kubwa kuliko ambayo ingelipwa kwenye A. Uamuzi wa 7 Agosti ulizifanya sehemu zote mbili zilingane. Ule wa 18 Desemba ukageuza mambo: sasa A ndiyo ghali, kwa robo ya asilimia. Kwa mkataba huu riba mpya ya trakeri huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata uamuzi, ndiyo maana Januari 2026 ilianza na 4.35.

Huhitaji kukariri jedwali. Chukua riba ya sehemu iliyofungwa, toa nyongeza ya trakeri: 4.60 kutoa 0.60 ni 4.00. Hicho ndicho kiwango cha mizani. Riba ya msingi ikiwa juu ya 4.00, ziada iende B. Ikiwa chini ya 4.00, ianze A hadi kikomo kijae, kisha B. Bandika namba hiyo mahali, na kila Benki Kuu inapotangaza uamuzi uitazame.

Hesabu ya njia tatu

Pauni 12,000 kwenye A zinaokoa 12,000 × 4.60%, yaani pauni 552 za riba kwa mwaka. Pauni 8,000 kwenye B zinaokoa 8,000 × 4.35%, yaani 348. Jumla ni 900. Kama zote 20,000 zingekwenda B, ni 870. Tofauti ni pauni 30 kwa mwaka.

Hapa inafaa kusema wazi: pauni 30 si kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Anayeona ugumu wote huu haumfai akatupa kila kitu kwenye trakeri hajapotea njia. Aliyepotea ni yule aliyetuma bila maelekezo, maana yeye amepoteza pauni 95 akitafuta 30.

Njia ya tatu ni kumalizia zote 20,000 kwenye A na kukubali faini. Zinazozidi ni 8,000, faini ni 240. Faida ya kuziweka A badala ya B ni robo ya asilimia, pauni 20 kwa mwaka, pauni 60 hadi mkataba uishe. Kulipa 240 ili kuokoa 60 hakuna anayekukubalia, lakini utashangaa ni wangapi hufanya hivyo kwa kufikiri tu kwamba "A ndiyo kubwa, tuimalize kwanza". Ukubwa wa salio hauna uzito wowote kwenye uamuzi huu. Kinachopimwa ni riba na faini.

Faini yenyewe haikuwekwa kwa roho mbaya. Benki ikikufungia riba miaka mitano, nayo hujifunga upande wa pili kwenye soko la fedha kwa muda huohuo. Ukilipa mapema, wewe umetoka lakini benki bado imefungwa. Kanuni za mamlaka ya usimamizi wa fedha ya huko, FCA, zinataka faini iwe makadirio ya haki ya gharama hiyo, na mkataba uionyeshe kwa kiasi cha fedha. Kiasi hicho kimo kwenye waraka wa ofa ya mkopo, kwenye sehemu inayozungumzia kulipa kabla ya wakati. Huko ndiko pa kuanzia kusoma. Angalia pia trakeri yenyewe, maana si zote zisizo na faini.

Jambo dogo la tarehe: riba huhesabiwa kila siku. Pauni 900 kwa mwaka ni pauni 2.47 kwa siku, kwa hiyo kuzishikilia zile 20,000 kutoka tarehe 2 hadi 31 Januari kungegharimu kama pauni 71.50, ukitoa chochote ambacho akaunti ya akiba ingekupa kwa siku hizo. Mikopo michache ya zamani huhesabu riba mara moja kwa mwaka. Huko malipo ya Machi hayasaidii hadi mwaka wa hesabu ugeuke, na ni heri kusubiri ukingoni mwa mwaka huo.

Mtego uliojificha: malipo ya mwezi yanaposhuka

Tuseme sasa pesa zimepangwa vizuri: 12,000 A, 8,000 B. Salio la A ni 108,000, la B ni 52,000. Benki nyingi zikipokea mkupuo mkubwa hukokotoa upya malipo ya mwezi kwa muda uleule uliobaki. A inashuka kutoka 765.67 hadi 689.10. B inashuka kutoka 374.75 hadi 324.78. Kwa pamoja, pauni 126.54 zimepungua kila mwezi.

Mtu mwenye nia ya kumaliza deni mapema husema: mimi naendelea kulipa kama zamani. Kwenye B hakuna tatizo. Kwenye A, ile tofauti ya 76.57 sasa ni malipo ya ziada, na kikomo cha mwaka kimejaa. Asilimia 3 ya 76.57 ni pauni 2.30 kila mwezi. Mtu analipa kiasi kilekile alicholipa mwezi uliopita na anatozwa faini kwa hilo. Ukiipigia benki simu kulalamika, mhudumu atakusomea mkataba, na kwa mujibu wa mkataba atakuwa sahihi.

Njia za kutoka ni mbili. Ya kwanza ni kuiomba benki isikokotoe upya malipo ya A bali ipunguze muda. Malipo yanabaki 765.67, na miezi 240 inashuka hadi 204, yaani miaka mitatu imekatwa. Uzuri wake ni kwamba 765.67 inabaki kuwa malipo ya mkataba, si ziada. Ubaya wake ni kwamba umejifunga: siku kipato kikiyumba, kuurudisha muda ni kuomba upya, na benki inaweza kutaka kupima tena uwezo wako wa kulipa.

Ya pili ndiyo inayofaa kwa kisa hiki. Acha A ishuke hadi 689.10, kisha kila kilichopungua kiende B pamoja na zile 250. Mfuko wa familia unatoa kiasi kilekile: 1,140.42 jumlisha 250 ni 1,390.42 kwa mwezi. Toa 689.10 za A, B inapata 701.32. Kati ya hizo, 324.78 ni malipo ya mkataba na 376.54 ni ziada isiyo na faini. Mwezi mgumu ukifika, ziada inasimamishwa bila kuomba ruhusa ya mtu.

Trakeri inavyomeza ziada kimyakimya

Hapa ndipo watu makini nao huteleza. Kwa mkopo kama huu, kila riba ya msingi inapobadilika benki hukokotoa upya malipo ya B kwa salio la siku hiyo na muda wote uliobaki. Salio hilo limeshapunguzwa na ziada zako. Kwa hiyo malipo ya mkataba yanashuka kwa sababu mbili kwa wakati mmoja, na barua ya benki inataja moja tu: riba.

Mfano: baada ya miezi 12 ya kulipa 701.32, salio la B litakuwa kama pauni 45,722. Tuseme riba ya msingi imeshuka robo, trakeri ikawa 4.10, miezi 228 imebaki. Malipo mapya ya mkataba ni 289.01. Yameshuka pauni 35.77 kutoka 324.78. Kama riba isingebadilika kabisa na benki ingekokotoa tu, yangekuwa 295.04. Yaani pauni 29.74 za mshuko huo ni ziada zako mwenyewe, na 6.03 tu ndizo za riba.

Agizo la kudumu likibaki 376.54, jumla inayoingia B sasa ni 665.55 badala ya 701.32, na kasi ya kulipa imepungua bila mtu kuamua. Dawa ni kufunga jumla, si ziada. Kila barua ya riba inapokuja, toa malipo mapya kwenye 701.32 na uandike upya agizo: 701.32 kutoa 289.01 ni 412.31. Ni kazi ya dakika tano kwenye simu, na ndiyo inayoufanya mkopo uishe kwa miaka saba na ushee badala ya kuburuzwa. Kwa 4.35 na 701.32 kila mwezi, B inakwisha kwa malipo 87, miaka saba na miezi mitatu.

Anayetumia jedwali la kompyuta anaweza kuhakiki yote haya kwa kanuni tatu. =PMT(4.35%/12,240,-60000) inatoa malipo ya mwezi, 374.75. =NPER(4.35%/12,-701.32,52000) inatoa idadi ya malipo, 86.5. =FV(4.35%/12,36,701.32,-52000) inatoa salio baada ya miezi 36, kama 32,318. Alama ya kutoa ikikaa pasipo pake, jibu linakuja hasi au la ajabu. Angalia hapo kwanza kabla ya kulaumu kanuni. Benki inahesabu kwa siku na kanuni hizi zinahesabu kwa mwezi, kwa hiyo mtapishana kidogo. Mkipishana kwa makumi ya pauni, kuna malipo yaliyokwenda sehemu isiyo yake.

Kosa lingine la kwenye jedwali ni kuunganisha sehemu mbili kuwa mkopo mmoja wa 180,000 kwa riba ya wastani ya 4.52. Riba ya mwaka wa kwanza itatoka karibu na ukweli, na hilo ndilo linalodanganya. Lakini jedwali la namna hiyo halina mahali pa kuonyesha kikomo, wala faini, wala siku ambayo riba ya B inapishana na ya A. Weka safu mbili, kila sehemu na salio lake, riba yake na malipo yake, na safu ya tatu ya kuhesabu ziada iliyoingia A tangu 1 Januari.

Kurekebisha yaliyokwisha haribika

Mwishoni mwa Februari kinachotakiwa kuombwa ni hiki, kwa maandishi: pauni 1,333.33 za tarehe 2 Januari na 166.67 za Februari zihamishwe kutoka A kwenda B kwa tarehe zake za awali, na faini za 40.00 na 5.00 zirudishwe. Taja tarehe na kiasi, usiseme "rekebisheni malipo yangu". Sisitiza tarehe za awali, kwa sababu zikihamishwa kwa tarehe ya leo riba ya siku za katikati inabaki ilivyohesabiwa vibaya. Benki hailazimiki kukubali ikiwa kanuni yake ya kugawa imeandikwa kwenye masharti, lakini maombi ya mapema na yenye namba kamili yana nafasi nzuri kuliko ya Oktoba.

Wakati huohuo simamisha agizo la zamani. Usingoje jibu. Weka jipya lenye namba ya sehemu B: kwenye taarifa ya mkopo kila sehemu huwa na namba yake ndogo, aghalabu tarakimu mbili mwishoni mwa namba kuu. Benki ambayo haitambui namba hizo kwenye uhamisho wa kawaida itakutaka utumie programu yake ya simu au upige simu kila mara. Mkupuo wa mwakani utume mara mbili, A peke yake na B peke yake, na baada ya siku tatu nne fungua taarifa uone zimetua wapi.

Benki ikikataa na ukaona haikukueleza kanuni yake popote, andika malalamiko rasmi. Ina wiki nane kutoa jibu la mwisho. Baada ya jibu hilo una miezi sita kulifikisha kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko ya wateja dhidi ya benki, na huduma hiyo ni bure. Kwa pauni 45 wengine wataona ni usumbufu. Ukiacha agizo likaendelea hadi Desemba, hutaona hivyo.

Je, zilipaswa kwenda kwenye deni hata kidogo?

Pesa iliyoingia kwenye nyumba haitoki kirahisi. Wenye ndugu Mombasa, Unguja au Bukavu wanajua msiba na hospitali havisubiri benki ifikirie ombi la mkopo mpya. Akiba ya miezi mitatu ya matumizi ibaki pembeni kabla ya kuanza hesabu hizi. Kisa hiki kinachukulia kwamba hizo zipo, na 20,000 ni za juu yake.

Upande wa akaunti ya akiba, linganisha riba baada ya kodi. Uingereza, anayelipa kodi ya asilimia 20 hupata riba ya akiba hadi pauni 1,000 kwa mwaka bila kodi. Wa asilimia 40 hupata 500. Baada ya hapo, wa asilimia 20 anahitaji akaunti inayolipa 5.75 ili ilingane na deni la 4.60, na wa asilimia 40 anahitaji kama 7.67. Akiba ya ISA haina kodi, hivyo yenyewe inapimwa moja kwa moja na 4.60 na 4.35.

Walionunua kwa mpango wa Kiislamu wa musharaka inayopungua (nyumba inamilikiwa kwa ubia na benki, nawe unailipa pango kwa sehemu yake) hawana riba, lakini hesabu inafanana kwa umbo: malipo ya ziada hununua hisa zaidi za nyumba na kodi ya pango hupungua. Wasome masharti ya kununua hisa kabla ya wakati kwa makini yaleyale.

Mwisho wa 2028

Ikiwa riba ya B itabaki 4.35 muda wote (haitabaki, lakini hesabu inahitaji mahali pa kusimama), bila ziada yoyote deni mwisho wa 2028 lingekuwa kama 108,225 kwa A na 53,965 kwa B, jumla pauni 162,190. Kwa mpango huu ni 97,402 na 32,318, jumla 129,720. Tofauti ni kama 32,470. Kati ya hizo, 29,000 ni pesa yao wenyewe: 20,000 za mkupuo na 9,000 za kila mwezi. Zinazobaki, kama pauni 3,470, ni riba ambayo haikulipwa. Kama kila ziada ingekwenda B tangu mwanzo, deni lingebaki 129,812, yaani pauni 92 zaidi.

Januari 2027 kikomo cha A kinafunguka upya. Salio lake litakuwa kama 104,628, nafasi ya bure kama 10,462. Ziada ya mwaka mzima ya familia haifiki hata nusu yake. Kwa hiyo ikiwa riba ya msingi bado iko chini ya 4.00, agizo la 376.54 linaweza kuhamia A bila faini. Faida yake ni pauni tano sita kwa mwaka. Tungeliacha lilipo.

Chenye uzito zaidi ni uwiano wa deni na thamani ya nyumba, kwa sababu benki hupanga bei za riba kwa ngazi, na 75 na 60 ni miongoni mwa ngazi hizo. Nyumba ikibaki 215,000, bila ziada familia ingefika mwisho wa mkataba na deni la asilimia 75.4, imekosa ngazi ya 75 kwa kidogo. Kwa mpango huu inafika na 60.3, inakosa ya 60 kwa kidogo vilevile: asilimia 60 ni 129,000, na deni ni 129,720. Pauni 720 kwenye B kabla ya kuomba mkataba mpya zinaivusha. Maombi huanza miezi kadhaa kabla ya 31 Desemba, na deni huwa bado kubwa kidogo wakati huo, kwa hiyo kiasi cha mwisho kihesabiwe kwa salio la wiki ya kuomba na kwa thamani ambayo benki yenyewe inaiandikia nyumba, ambayo huonekana kwenye programu yake au kwa kuuliza.